Namna ya Kuikabili Praktiko ya Botania Bila Kuutazama Mmea

Mtihani wa nadharia una huruma zake. Ukiwa na madesa ya mwaka jana na rafiki anayepiga msuli, utavuka. Praktiko ni habari nyingine. Unaingia maabara unakuta majani yamelazwa kwenye sahani, kila sahani na namba yake. Kengele ikilia una dakika chache za kutaja familia, kutoa sababu na kusogea kwenye sahani inayofuata. Hakuna wa kukunong'oneza. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Moshi, aliyepatwa na bahati mbaya ya kusomea botania mahali ambapo hata fito za uzio huchipua.

Anza kusoma usiku wa kuamkia mtihani, si mapema zaidi ya hapo. Kilimanjaro, mlima ulio nyuma ya hosteli yako, una takriban spishi 2,500 za mimea, lakini usitishwe na hesabu. Waandishi wa Flora of Tropical East Africa walitoa sehemu ya kwanza mwaka 1952 wakamaliza 2012, wakiwa wameeleza zaidi ya spishi 12,000. Miaka 60! Hao hawakuwa na kundi la WhatsApp la darasa.

Katika usiku huo mmoja, shughulika na mimea yenye jina kubwa tu. Kariri Dendrosenecio kilimanjari, lile pandikizi la juu kule Horombo linalovaa majani yake makavu kama koti ili shina lisigande usiku. Kariri Lobelia deckenii, inayofumba majani yake baridi ikiingia. Kariri Impatiens kilimanjari, ua jekundu lenye mkia uliopinda, lisiloota porini popote duniani isipokuwa Kilimanjaro. Ukibakiwa na nafasi kichwani, ongeza Entandrophragma excelsum wa mita 81.5, ambao watafiti waliutangaza mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika, nao uko kwenye bonde la mlima huuhuu. Ni elimu nzuri sana, na kesho hakuna hata mmoja kati ya mimea hiyo utakaokuwa mezani.

Sababu ni rahisi: bajeti ya maabara haipandi Horombo. Isitoshe, hifadhini huchumi hata jani bila kibali. Kwa hiyo mtihani wako hautoki mlimani, unatoka nyuma ya bweni. Saa kumi na mbili asubuhi mzee wa maabara anachukua ndoo na kisu, anazunguka uzio, anapita shambani kwa jirani, anarudi na sampuli zote. Mwanafunzi mwerevu humvizia njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Nimeamka kusoma, mzee. Nikusaidie ndoo?"

"Mangi, ndoo ya majani haijawahi kumshinda mtu. Kasome."

Na hapo atafunika ndoo na gunia. Lakini hata bila kufunua gunia, kilichomo kinajulikana, maana umekuwa ukikipita kila siku ukienda kula.

Kuna mgomba. Andika kwa kujiamini kwamba ni mti, na kwamba lile ni shina. Msahihishaji atafurahi kupata pa kuanzia wino mwekundu: mgomba ni mmea laini usio na mbao, na unachokiita shina ni ala za majani zilizokumbatiana. Kuna tawi la mbuni, majani yakitazamana mawili mawili, na katikati ya vikonyo kijani kidogo cha pembetatu ambacho ndicho kinachokutajia familia ya Rubiaceae. Wewe usikitazame, tazama saa. Kuna parachichi lililopasuliwa, utaliita tunda la kokwa kama embe, kumbe katika botania ni beri, ndugu wa nyanya kwa umbo. Na kuna kishona nguo, kile kilichokung'ang'ania kwenye suruali tangu mwaka wa kwanza. Chora "ua" lake moja. Hilo si ua moja, ni mkusanyiko wa maua madogo mengi kwenye kitako kimoja, na ungeyaona kama ungeutazama mmea siku ile ulipokuwa ukibandua mbegu zake kwenye soksi huku ukilaani.

Sehemu ya pili ni kukata kipande chembamba cha shina na kukitazama kwa hadubini. Wanaojipendekeza hutumia wembe mpya, hulisimamisha shina ndani ya kipande cha karoti, hulowanisha wembe na kuuburuta taratibu kuelekea kwao, kisha huelesha vipande kwenye maji na kuchagua kile kinachoonyesha mwanga. Wewe tumia wembe uliokwisha kunyolea ndevu. Kata kipande kinene cha kutosha kuliwa na chumvi. Kitie rangi ya safranini, ambayo kwa wenzako itaipaka zailemu nyekundu na kwako itapaka vidole, meza na koti la jirani. Halafu dondosha kioo cha kufunikia kutoka juu, wima, usikilaze kwa mshazari. Utapata mapovu ya hewa mazuri mno, duara kamili lenye ukingo mweusi mnene. Yachore na uyaandikie "seli". Nakuhakikishia hakuna seli ya shina iliyo duara kamili hivyo, ila mchoro wako utapendeza kuliko wote. Tia kivuli kwa penseli pia, na mistari ya majina ipishane. Botania hukataza yote mawili.

Basi ukifuata mwongozo huu kwa uaminifu, sapu yako iko njiani, na bado hujaishiwa. Uko Uchagani. Chuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha mtu, baada ya kumwomba, ulifunge fundo kama afanyavyo aliyekosa anapoomba radhi, umpelekee mwalimu ofisini. Akiwa mtu wa hapa atalipokea, maana kulikataa isale ni jambo zito.

Kisha atalifungua fundo, atafuata mishipa ya jani kwa ukucha inavyokwenda sambamba, na kukuuliza: hii Dracaena ni ya kotiledoni moja, sasa mbona shina lake linanenepa? Jibu ni kwamba ina kambiamu ya aina yake, inayotengeneza mafungu mapya ya zailemu na floemu yakiwa kamili. Usimjibu kwamba isale ni la kuombea msamaha. Hilo analijua, ndiyo maana hajakufukuza.