Redio Bila Waya, Yenye Waya

Desemba 1901, Guglielmo Marconi alirusha tiara katika upepo wa Newfoundland, akasema amesikia ishara ya nukta tatu iliyovuka Atlantiki bila waya. Dunia ikapiga makofi.

Leo bwana mmoja wa New York, ambaye jengo analokaa halimruhusu kuweka hata antena ya kuanikia soksi, anakodi kwa dakika kituo cha redio ya ridhaa chenye minara kule Maine, jimbo lililoelekea Ulaya. Sauti yake inapita kwenye nyaya za intaneti mpaka Maine, ndipo ipae hewani kumsalimia Mjerumani. Akijibiwa kwamba anasikika vizuri, anavimba kifua. Hongera, mnara!

Na intaneti ikikatika? Sheria ya Marekani ililiona hilo: mtambo uliopotezana na mwenyewe usirushe mawimbi zaidi ya dakika 3.

Mabwana kama huyu ndio wanaotuhakikishia kwamba redio ya ridhaa itatuokoa siku mitandao yote itakapozima. Kweli mganga hajigangi. Siku hiyo ya dhoruba, bwana mkubwa, anza mapema: Maine ni mbali kwa miguu.