Krismasi Ina Tarehe, Idi Ina Mwezi

Mwaka 1997, nikiwa nesi mpya ambaye viatu vyeupe bado vinambana, nilifanya biashara ambayo mpaka leo sijui ni nani aliyepata faida. Mimi Mchagga wa Rombo, nimepangiwa kazi Tanga. Mwenzangu wa zamu ni mzaliwa wa Pangani, Mwislamu wa sala tano. Tulikubaliana koridoni, mashahidi wetu wakiwa ndoo ya deki na fagio: yeye atanishikia zamu ya Krismasi, nami nitamshikia ya Idi. Wauguzi wengi nchini huishi hivyo. Hakuna anayeandika popote, ila deni la namna hiyo hudaiwa kwa ukali kuliko mkopo wa benki.

Kosa langu ni kwamba sikusoma masharti. Krismasi ina tarehe. Tangu Januari unajua kwamba tarehe 25 Desemba haitakimbia, unakata tiketi yako mapema na kumtumia mama salamu achague mbuzi. Idi ina mwezi, na mwezi hauna desturi ya kumwarifu nesi wa wodi namba mbili.

Mwaka mmoja niliingia kulipa deni nikiwa na uhakika kwamba kesho yake ni Idi. Usiku ulipoingia, wodi nzima ya wanaume ilikusanyika kwenye redio ya mzee wa kitanda cha dirishani, hata wale waliokuwa wakidai hawawezi kukaa. Mwezi haukuonekana. Nikaifanya hiyo zamu ya Idi ambayo haikuwa Idi, na kesho yake nikaifanya tena, sasa ikiwa Idi kweli, kwa sababu mwenzangu alinikumbusha kwa upole kwamba ahadi ilikuwa ya Idi, haikuwa ya tarehe. Mzee wa redio aliniona nimenuna akaniambia, "Nesi, mwezi si mgonjwa wako. Huwezi kuuamuru ulale wala uamke."

Wasiotoka mlimani wanielewe kidogo hapa. Mchagga asiyeonekana kwao Krismasi huulizwa kama amefungwa au amefilisika. Kuanzia tarehe 20 Desemba barabara ya kupitia Segera, Korogwe, Same na Mwanga hujaa magari yanayopanda Moshi kana kwamba kuna mtu anagawa viwanja. Juu huko kuna mtori, kiburu, mbege iliyoiva, na shangazi anayehesabu vichwa. Ukikosekana, fungu lako la nyama huwekwa pembeni kwa siku mbili, halafu huliwa na mtu ambaye mwaka mzima alikuwa akilingoja.

Sasa tuje mwaka 2000, ambao ndio ulionifanya niandike haya.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wetu wa ofisini kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka, taratibu, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi la kliniki. Mwaka 2000 ilijisogeza hadi ikaja mara mbili: Idi el-Fitri moja Januari, nyingine mwishoni kabisa mwa Desemba, wiki ileile ya Krismasi. Biashara yetu ikafa pale pale. Rombo huwezi kwenda kwa siku mbili. Huko ni kusalimia geti na kugeuza. Naye hakuweza kunishikia Krismasi halafu nirudi kumshikia Idi, maana mimi ningekuwa bado nimebanwa kwenye basi, kuku wa mtu miguuni.

Tulikwenda wote wawili kwa sista inchaji, kila mmoja na hoja zake. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ratiba akaandika majina yetu yote mawili tarehe 25, zamu ya asubuhi, wodi ya wazazi. "Mtasaidiana," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Tulipofika kupokea ripoti, nesi wa naiti alituachia akina mama watatu waliokaribia, na baba mmoja aliyekataa kuondoka mlangoni. Mwanawe alizaliwa usiku wa kuamkia siku hiyo, saa sita kasoro dakika kumi. Alichotaka ni tuandike saa sita na dakika moja. "Dakika kumi na moja tu, sista. Mtoto azaliwe siku moja na Bwana Yesu, wewe unapungukiwa nini?" Nilimweleza kwamba kitabu cha wazazi hakina saa ya kusogeza mbele. Akamgeukia mwenzangu, akidhani Mwislamu hatakuwa na upande katika shauri hili. Mwenzangu akamjibu kwamba hata yeye anaungojea mwezi na hajawahi kuusogeza. Mtoto akaandikwa tarehe 24, akaitwa Emanueli hivyohivyo.

Mnamo saa sita mchana ndugu wa mzazi mmoja walituletea hotpoti ya pilau. Nasema hotpoti, lakini ilikuwa na ukubwa wa ndoo, na ilipofunguliwa nilisikia iliki mpaka kwenye magoti. Mwenzangu alikuwa amefunga, Ramadhani ikiwa kwenye kumi lake la mwisho. Akaifunga vizuri kwa kitambaa akasema, "Wewe nenda kazini, mimi nitakulindia. Mlinzi mwaminifu wa chakula ni mtu aliyefunga."

Nikaenda. Mama wa kwanza akajifungua saa saba. Wa pili akasubiri mpaka nimevua glavu, ndipo akaanza. Wa tatu alikuwa mwanamke wa Kiislamu aliyenishika mkono akasema nisiondoke, basi sikuondoka. Akajifungua mvulana, na alipoambiwa leo ni sikukuu gani akasema ataitwa Isa. Nilipotoka ilikuwa saa kumi jioni. Wa zamu ya jioni alikuwa ameleta taarifa kwamba pilau ya kwao imemwendesha tangu saa tano na hawezi kusimama mbali na choo. Kwa maneno mengine, zamu yake ni yetu.

Nikamwambia mwenzangu, "Lete hotpoti." Akaniangalia. Alikuwa ameitwa dakika tano tu kumwekea mtu dripu. Katika dakika hizo tano babaye Emanueli, ambaye bado alikuwa anazungukazunguka, aliiona ile hotpoti mezani, akaamini ni chakula cha wazazi, akaichukua akaenda kukigawa kitanda kwa kitanda kwa moyo mweupe kabisa. Wodi nzima ilikula. Mfagizi alikula. Yeye mwenyewe alikula, akanishukuru mimi kwa ukarimu wa hospitali yetu. Hotpoti nilirudishiwa ikiwa imeoshwa.

Saa kumi na mbili na nusu hivi, adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Mwenzangu akafungua kikapu chake: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi. Akanimegea nusu bila kuniuliza. Tulikaa kwenye stoo ya shuka, mimi juu ya ndoo iliyofunikwa, ndoo ileile shahidi wetu, nadhani.

"Tangu asubuhi umekula nini?" akauliza.

"Sijatia hata maji."

Akacheka mpaka uji ukampalia. "Basi shoga, na wewe umefunga! Ila hukutia nia, kwa hiyo haihesabiki." Nimewahi kula Krismasi nyingi za ndafu. Ule muhogo siusahau.

Miaka iliyofuata mambo yalikuwa madogomadogo, kama ya kila hospitali. Kwaya huja na soda na keki, zinagawiwa kabla muuguzi hajauliza nani ana sukari. Mwaka 2014 tulikusanya chupa chini ya mito usiku kucha. Asubuhi mwanafunzi wa uuguzi alipima mzee mmoja akatoka mbio, uso umechanua: "Sista, mashine imeandika HAI!" Ndugu waliokuwa mlangoni wakamshukuru Mungu. Nikaenda kutazama. Kipima sukari kilikuwa kimeandika HI, maana yake sukari imepita kiwango kinachoweza kusomeka, na vile vipimo vyetu viliishia 33.3. Nikamwambia yule binti kwamba mashine hii ikisema hai, ndipo mtu anapokaribia kutokuwa hai, kimbia ukamwite daktari. Mzee alipopata nafuu alikiri chupa mbili. Tulipata nne.

Kwa mama nilikwenda Januari 2001, nikiwa na jani la sale mkononi. Kwetu ukiomba msamaha na sale huwezi kukataliwa. Mama alilipokea, akalichomeka mlangoni, akasema msamaha nimepata, ila fungu la nyama alikula kaka yangu.

Mwishoni mwa mwaka jana niliwakuta wauguzi wawili vijana koridoni, mmoja wa Same na mwingine wa Mafia, wakifanya ileile biashara. Waliniomba niwe shahidi, kwa kuwa siku hizi mimi ndiye sista inchaji. Nikawatolea kalenda kwenye simu, nikawaonyesha mwaka 2033: kwa mahesabu, Idi el-Fitri itakuja tena mara mbili, moja mwanzoni mwa Januari, nyingine karibu na tarehe 23 Desemba. Wakashtuka. Wakauliza ratiba ya wiki hiyo nitaipangaje.

Nimezaliwa Novemba 1973. Mtumishi wa serikali kama mimi hustaafu akitimiza miaka 60.