Muulize Mzee Karatasi

*Mzee, nimenunua gari, Probox, hapa Gatumba, Burundi, kwa kijana mpole sana. Aliapa halijawahi kupata ajali. Wiki ya pili taa zikaanza kuwaka zenyewe usiku, na ndani linanuka ndagala. Nikimpigia simu ananiambia, «Si ulitia saini?» — Niliyelizwa, Kinyinya*

Mwanangu, tumtendee haki kijana: ajali kweli halikupata. Lilizama. Tangu mto Rusizi ulipotuingilia majumbani mwaka 2020, kuna magari hapa yameoga kuliko wenyewe. Yakikauka husuguliwa, matairi hupakwa mafuta, kisha hutafutiwa mtu kama wewe. Ungenyanyua zulia, ukachungulia reli za viti na kuvuta mkanda mpaka mwisho wake, ungekuta tope kavu. Mto nao hutia saini. Nisingeshangaa Gustave mwenyewe, yule mamba wetu, aje kudai miwani aliyoisahau kwenye kiti cha nyuma.

Sasa karatasi uliyoniletea. Ukurasa mmoja wa Kifaransa, na chini, kwa mwandiko wako mzuri, «Lu et approuvé»: umesoma na kukubali. Uongo wa kwanza katika mkataba huu ni wako. Juu yake imeandikwa gari limeuzwa «en l'état», yaani hivyo lilivyo. Habari za maji hazimo. Kijana alikusimulia kwa Kiswahili kitamu, ukasaini Kifaransa kikavu.

Lakini bado unapumua. Sheria ya mikataba tuliyorithi kwa Wabelgiji, amri ya 30 Julai 1888, ambayo jirani zetu wa Uvira, Kongo, nao wanayo, inambana muuzaji kwa kasoro iliyofichika. (Karl Benz alikuwa amesajili gari lake miaka miwili tu kabla, kwa hiyo usitafute humo neno Probox.) Lile «hivyo lilivyo» humkinga muuzaji asiyejua, si aliyejua na kunyamaza. Basi tafuta jirani yake aliyepiga picha gari likiwa na maji hadi vioo. Mafuriko ya Gatumba hayakosi wapiga picha. Mwambie fundi aandike alichokiona. Na fanya haraka: ukiliendesha miezi sita ndipo ulalamike, jaji atakuuliza ulikuwa wapi.

*Mzee, kuna Corolla yenye plaki za Kongo, nusu bei. Komisioneri, yule dalali, anasema mwenyewe yuko Uvira, ana shughuli, ila karti rozi, kadi ya gari, ipo, tusaini leo. — Mwenye Haraka, Mushasha*

Nusu nyingine ya bei inakusubiri OBR, kwa watoza kodi. Gari lisilolipiwa dwani, yaani ushuru wa forodha, hata msaini kurasa kumi, hapa ni mgeni tu. Na huyo mwenyewe! Watu wa hapa wamekuwa wakivuka mpaka wa Kavimvira kutafuta petroli. Yeye anashindwa kuvuka kuja kuchukua mamilioni? Kuuza kitu cha mtu mwingine ni batili kwa sheria ile ile. Kama kweli amemtuma komisioneri, ilete karatasi ya kumtuma iliyopita kwa notari, jina lifanane na la karti rozi, na namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe. Mpaka hapo, usipokee kwa komisioneri kitu zaidi ya soda.

*Mzee, nimelipa nusu ya bei ya gari. Muuzaji amebaki na ufunguo wa pili «kwa usalama». Kila Ijumaa gari linatoweka, Jumapili linarudi. Mkataba unamruhusu? — Dereva wa Siku Tano*

Nimeusoma. Hausemi salio ni la lini, funguo ni za nani, wala gari ni la nani mpaka deni liishe. Umeeleza rangi ya gari kwa mistari mitatu. Kaeni muandike upya, mbele ya shahidi asiye shemeji yake, na mkumbuke kuandika nani analipa likigonga mtu Jumamosi. Linarudi na petroli? Kama linarudi tupu, kwa foleni za miaka hii, anza na hilo.