Hiace ya Sentimita 20

Mtu akikuambia kwamba gari dogo lina matatizo madogo, mwulize kama amewahi kulimiliki akiwa Bukavu. Mimi ninayo Hiace. Ina urefu wa sentimita 20, haina injini, haijaonja hata tone moja la petroli, na bado imelipiwa ushuru, imenipeleka garaji, imepata ajali, imeibiwa vipuri na nusura inivunjie ndoa. Rafiki yangu ana Hiace ya kweli, inayobeba watu kati ya mjini na Panzi. Jioni moja tulikaa tukalinganisha taabu zetu, tukakuta zinalingana moja kwa moja, isipokuwa yake inaingiza pesa.

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe. Kuna watu wazima duniani, wenye kazi na wajukuu, wanaonunua maboksi ya vipande vya plastiki, wanavikata kwa kijisu, wanavisugua kwa msasa, wanavigundisha, kisha wanavipaka rangi kwa brashi yenye nywele chache kuliko kichwa changu. Mji wao mtakatifu ni Shizuoka, Japani. Huko ndiko ziliko kampuni za Tamiya na Aoshima, na huko ndiko kila mwezi wa Mei hufanyika maonyesho ambayo wenzangu wa Ulaya huyaendea kama hija. Gari la kawaida huundwa kwa kipimo cha 1/24, maana yake sentimita moja ya plastiki inasimamia sentimita 24 za chuma. Vifaru vya vita ni 1/35, na hiyo 1/35 haikutoka kwenye hesabu yoyote ya maana. Tamiya walipounda kifaru chao cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitaka kiende kwa mota, wakakipanua hadi betri zikaenea tumboni, walipokuja kupima wakakuta imetoka 1/35. Dunia nzima ikafuata. Nawapenda watu wa namna hiyo.

Usidhani basi kwamba kazi hii ni ya Wajapani. Panda Kadutu, hapa Bukavu, saa za watoto kutoka shule uone. Kopo la sardini ni bodi, waya ni chesisi, vifuniko vya chupa au soli ya kandambili ni magurudumu, na fimbo ndefu yenye usukani wa waya inamwezesha dereva kukimbia nyuma ya gari lake bila kuinama. Mtoto wa miaka tisa hapa anaweza kukuundia Fuso yenye springi na mzigo juu. Tofauti ni kwamba mtoto akiunda gari, watu husema ana kipaji, atakuwa injinia. Mwalimu wa miaka hamsini akiunda gari, ukoo unaitisha kikao.

Kongo yetu imewahi kukosea hivi hivi kwa mtu mkubwa zaidi. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa Kimbembele-Ihunga mwaka 1948, alikuwa akiunda majumba na baadaye miji mizima kwa karatasi, katoni na vifuniko vya chupa. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa pale Kinshasa, wakubwa walimshuku kwamba ameiba mahali, wakamtaka aunde nyingine mbele ya macho yao. Akaunda. Wakampa kazi ya kukarabati vinyago. Mwaka 1989 vitu vyake vilikuwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la MoMA la New York lilimpa maonyesho yake peke yake. Habari hii nilimsimulia mke wangu kwa kirefu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama na mimi nitaanza kuheshimiwa nikishakufa.

Usiku wa Bukavu ni mrefu, hasa tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, na mtu huingia ndani mapema. Wengine husali, wengine husikiliza Radio Okapi. Mimi nilitafuta kitu cha kushika mkononi.

Boksi langu lilitoka Brussels na binamu aliyekuja harusini akipitia Kigali. Ndani yake mlikuwa na Hiace ya Aoshima, vipande vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki, maelezo yote kwa Kijapani. Mpakani afisa mmoja aliona picha ya gari na neno Toyota, akauliza gari lenyewe liko wapi. Binamu akajibu kwamba limo humo humo. Afisa akafungua, akachungulia, akapata milango, viti, usukani na matairi.

“Kumbe ni vipuri,” akasema. “Vipuri vina kodi, papa.”

Binamu alijitetea kwa Kifaransa cha Ubelgiji, jambo ambalo mpakani huongeza bei. Akalipa. Kikaratasi alichopewa kimeandikwa “vipuri vya Toyota, kilo moja”, na nimekitunza vizuri, maana ndiyo kadi pekee ya gari niliyo nayo.

Kuunganisha hakukuwa na shida, isipokuwa ile gundi ya haraka iliyonifunga kidole gumba kwenye mlango wa nyuma usiku umeme ulipokatika. Usukani ulikuja kulia, kama Wajapani wanavyoendesha. Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani wa haki ungekaa kushoto, na mtu wa Shizuoka angeniambia niukate niuhamishe. Lakini mimi nimepanda magari ya mji huu maisha yangu yote. Mengi yalitoka Japani na usukani wake kulia, na dereva akitaka kulipita lori, abiria wa mbele ndiye anayechungulia na kumwambia “Pita, shefu!” au “Rudi!” Abiria huyo hulipa nauli kama wengine. Usukani nikauacha ulipo.

Kwenye rangi ndipo maji yalipozidi unga. Kazi hii ina rangi zake, vichupa vidogo vya akriliki vinavyochanganywa na maji, na hakuna duka la mji huu lililonielewa nilipoviulizia. Walikuwa na rangi ya milango. Nikanunua nyeupe, nikapaka, nikaiweka barazani ikauke. Ilikuwa Novemba. Msomaji asiyejua Bukavu ajue kwamba mvua zetu huanza Septemba na kututoka Mei, na rangi ya mlango katika hewa hiyo hukauka ikipenda. Kabla haijapenda, Hiace ilikuwa imekusanya vumbi, mbu wawili na unyoya wa kuku, ambao ulisimama juu ya paa wima kabisa. Jirani mmoja aliuona akaniuliza kama ni antena ya gari la shirika.

Taa za nyuma zilihitaji nyekundu kidogo tu. Nyekundu ilikuwepo nyumbani.

“Papa Furaha, verni yangu ya kucha iko wapi?”

“Iko kwa mutuka.”

“Mutuka ya nani?”

“Yetu.”

Mama Furaha alinyamaza kidogo. “Kama iko yetu, basi Jumapili itanipeleka kanisani. Na kama haitanipeleka, utanunua ingine verni.”

Nikanunua. Halafu nikaamua kwamba gari likiharibika rangi linapelekwa kwa mafundi. Garaji niliyoiendea walikuwa na kompresa, na fundi mkuu hakucheka hata kidogo, nikampenda papo hapo. Aliizungusha mkononi, akauliza kama ilishawahi kupigwa, akaziba vioo kwa gazeti, akasugua unyoya kwa msasa, akachanganya rangi yake na tina, akapuliza. Ilitoka inang'aa. Tulisimama tukaishangaa pamoja, vijana wa garaji wakaja nao wakaishangaa, na wakati bado tunashangaa paa likaanza kushuka.

Nikukumbushe kemia, maana ni somo ninalofundisha: plastiki ya magari haya ni polistireni, na tina ya garaji huila. Asetoni nayo huila. Petroli ya Kadhafi, wale vijana wanaouza kwa chupa kando ya barabara, pia huila. Bati la Hiace ya kweli haliogopi tina, na fundi alikuwa amepaka Hiace za kweli tu. Paa lilibonyea, nguzo moja ya dirisha ikapinda, ubavu wa kushoto ukakunjamana. Fundi hakushtuka. Aliinama, akaipima kwa jicho kutoka mbele na nyuma, akatoa hukumu:

“Papa, hii ilipindukia Ngomo.”

Ngomo ni ule mteremko wa barabara ya Uvira, kabla hujafika Kamanyola, ambako magari huacha barabara yakafuata bonde. Vijana wote wakakubali: ni Ngomo kabisa. Mmoja akaonyesha kwa kidole ni ubavu upi uliotangulia kugonga mwamba. Wakajadili kama dereva alipona. Kisha fundi akanipigia hesabu ya kunyoosha bodi, na bei ilikuwa ile ile ya gari kubwa, kwa sababu, alisema, nyundo ndogo ni kazi ngumu.

Niliirudisha nyumbani ilivyo, na hapo ndipo nilipoona kwamba imeanza kufanana na za kweli. Wenzangu wa Ulaya na Japani wakimaliza gari safi hutumia majuma kulichafua. Tamiya huwauzia unga wa kutu, wa vumbi na wa tope katika vikasha vyenye brashi, mfano wa poda ya mwanamke. Wanalipa kwa ajili ya tope! Mimi nilitoka nje ya uzio, nikachota la barabara yetu, nikalichanganya na gundi nyeupe, nikalirusha kwa mswaki wa zamani. Hakuna Hiace ya 1/24 duniani yenye tope la haki kuliko langu, kwa kuwa na udongo wenyewe ni wa hapa. Sasa niseme ninaloliamini: Hiace nyeupe iliyonyooka si Hiace ya Bukavu. Ni picha ya boksi.

Ilibaki watu. Aoshima huuza gari tupu, na Hiace tupu hapa haijawahi kuonekana. Dereva hawashi injini mpaka kiti cha watatu kikae wanne. Nikafinyanga abiria kwa udongo wa mfinyanzi, nikawavika vipande vya kitenge nilivyookota chini ya cherehani ya binti yangu. Wanne hawakuenea. Nilijaribu kuwakaza, mmoja akapasuka bega. Katika gari la kweli wanaenea kwa sababu binadamu hupunguza pumzi, na udongo haujui adabu hiyo. Ilibidi niwachonge makalio wote, nikamtundika konvoyeri, yule mkusanya nauli, mlangoni, mkono mmoja juu ya paa lililobonyea, nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Mama mkwe alifika asubuhi kutoka Bagira, akaingia sebuleni, akaona meza.

“Mama Furaha,” akamwita binti yake kwa sauti ya chini, “bwana yako anatengeneza watu.”

Jambo lingeisha hapo, lakini abiria mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa amevaa kitenge cha maua ya kijani, na mama mkwe naye, kwa bahati yangu, alikuwa amevaa kitenge cha maua ya kijani. Cherehani moja ilishona vyote viwili. Nyumba ambamo mkwe ana kisanamu cha udongo cha mama mkwe wake, kimevalishwa nguo yake na kubanwa ndani ya gari lililopinduka, ni nyumba inayohitaji wazee. Walikuja. Shemeji zangu walikaa, nikatoa chai, nikaeleza habari za Shizuoka, nikaeleza habari za Kingelez, nikaonyesha kikaratasi cha mpakani. Mzee mmoja akauliza ikiwa gari lina dawa ndani. Nikamfungulia mlango. Akachungulia sana, akaniuliza kwa nini dereva hana miguu.

Aliyenusuru siku ni mama mkwe mwenyewe. Alikuwa ameishika Hiace muda wote wa kikao, akiigeuzageuza.

“Mimi nyuma sikai,” akasema hatimaye. “Nyuma natapika. Uniweke mbele.”

Nikamhamisha mbele, kushoto, mahali pa yule anayechungulia lori. Hajalalamika tena, na kila akija huangalia kwanza kama bado yupo pale.

Habari ya vipuri ni fupi. Mtoto wa jirani, fundi mkubwa wa makopo, alikuwa akija kuangalia kazi yangu kwa heshima. Siku moja matairi yangu ya mpira, yote manne, yalikuwa yameondoka, na mahali pake vimefungwa kwa waya vifuniko vya bia ya Primus, kwa ustadi ambao mimi sina. Nilimkuta kwenye mteremko wa Funu. Fuso yake ya kopo ilikuwa ikishuka kwa kasi juu ya matairi ya Shizuoka, bila kuyumba, watoto wengine wakikimbia nyuma wakipiga kelele. Nilimwuliza kwa ukali wa mwalimu kwa nini amechukua.

“Papa, yako haikuwa inatembea,” akajibu.

Nikatafuta jibu, sikupata, nikakaa juu ya jiwe nikaangalia mbio mpaka mvua ilipotufukuza. Fuso ile ni gari bora kuliko langu. Nasema hivyo mbele ya Japani yote.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unatoka Brussels, Nairobi au popote wanapouza vitu hivi, naomba rangi za akriliki, zile za maji, nyeupe moja na nyekundu moja, na matairi ya kipimo cha 1/24. Lete seti mbili, yule mtoto ameanza kuunda trela. Na ukifika mpakani, tafadhali, usitaje Toyota.