Mlima wa Saruji

Milima mingine aliiweka Mungu. Ulionitoa jasho mimi uliwekwa na wahandisi wa Napoléon III. Bustani ya Buttes-Chaumont, kaskazini mashariki mwa Paris, ilikuwa machimbo ya jasi, kisha jalala, hata mizoga ya farasi ikiishia huko. Mhandisi Alphand akakabidhiwa mashimo yale ayageuze bustani. Baruti ikalia, udongo ukaletwa, ziwa likachimbwa, saruji ikamiminwa na kufinyangwa mfano wa miamba. Bustani ikafunguliwa tarehe 1 Aprili 1867. Siku ya Wajinga! Mimi sikuambiwa mpaka nilipokuwa nimeshaingia.

Mwenyeji wangu ni dada, mtoto wa mama mkubwa, aliyeishi Paris mpaka akasahau maana ya tambarare. Alisema tunakwenda kunyoosha miguu kidogo. Nikavaa viatu vyangu vya kutokea, vile vya soli laini, na kubeba chupa ya chai.

Tuliketi kwenye nyasi. Nyasi za humo zimeinama kama paa la bati, na Wafaransa wamezilalia bila wasiwasi. Nikaiweka chupa chini niikunjue mikeka. Chupa ikaanza safari. Ilipita katikati ya wachumba wawili, ikaruka kitabu cha mwanafunzi, ikapokelewa na mtoto mdogo huko bondeni, na watu wakampigia makofi. Mimi niliyeifuata mbio kwa makalio hakuna aliyenipigia.

Njia nazo zina hila. Unapanda, zinakuzungusha, zinakuteremsha. Mzee mmoja aliyesoma gazeti benchini tulimpita, tukampita tena, baadaye akatusalimu kama jirani.

"Dada, tumefika?"

"Bado, mdogo wangu. Vuta pumzi."

Ndani ya mwamba zimo ngazi 173. Nilipozifikia magoti yalikuwa yanazungumza lugha yao, basi nikashika ukingo wa magogo ulio kando ya njia. Sisi tuliokulia Moshi, kwenye migomba na kahawa, hatuegemei gogo kabla ya kujua kama limeliwa na mchwa. Nikalipiga konzi la nguvu. Ni saruji! Magome, mafundo, hata pale tawi lilipokatwa, vyote saruji. Konzi nililirudishiwa lote. Pangoni nako mawe yanayoning'inia darini yalitengenezwa na mafundi, na maporomoko yanapandishiwa maji kwa pampu. Katika bustani nzima nadhani kitu pekee cha asili kilikuwa jasho langu.

Bibi mwenye kijibwa alitupita akiongea na simu, sauti haijamtetemeka.

Kileleni kuna kihekalu cha duara, kazi ya msanifu Davioud, nacho kimeigwa kutoka Tivoli, Italia. Nikakumbatia nguzo, kiatu kimoja mkononi. Mama mmoja wa Kifaransa akanitazama kwa huruma, akamuuliza dada kitu. Dada, kwa fahari isiyo na sababu, akamjibu kwamba huyu ametoka chini ya Kilimanjaro.

"Anauliza kama umeshaupanda," akanigeukia.

"Mwambie ule ni mlima wa wageni. Wenyeji tunautazama tu."

Tafsiri ya dada ilikuwa ndefu kuliko jibu langu. Walicheka wote wawili, kisha yule mama akanisogezea chupa yake ya maji.