Bonge la Katani

Mgeni anayetoka Tanga kuja Marekani huja na orodha yake kichwani: sanamu ya mama mwenye mwenge, maporomoko ya Niagara, ikulu yao nyeupe, na maduka yanayouza viatu kwa nusu bei. Mimi ninaishi Wichita, jimbo la Kansas, katikati ya nchi, na katika hayo yote tulichonacho ni maduka ya viatu. Kutoka Wichita hadi New York ni zaidi ya saa ishirini kwa gari, na Mjomba, mgeni wangu, alikuwa ameshaapa kwamba baada ya ndege iliyomleta hatapanda nyingine mpaka ile ya kumrudisha kwa mkewe Muheza.

Basi ikabidi nimtembeze kwenye vilivyopo. Na Kansas, kwa anayejua kuuliza, havikosekani. Jimbo lenyewe ni tambarare kiasi kwamba mwaka 2003 wanajiografia walililinganisha na chapati ya maji ya mgahawani, wakapima vyote viwili, wakaandika kwa hesabu kamili kwamba Kansas ndiyo bapa zaidi. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Mount Sunflower, kiko ndani ya shamba la mtu, na unafika juu bila kujua kama ulikuwa unapanda. Watu walionyimwa milima na bahari hawakukaa kulia. Kila kimji kimejitengenezea ajabu yake, aghalabu kwa mikono ya mzee mmoja mkaidi mwenye muda mwingi.

Tulianza na mzee wa kimji cha Lucas. Samuel Dinsmoor, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa na miaka 64 alipoanza kuujaza ua wake masanamu mwaka 1907. Alimaliza zaidi ya tani 100 za saruji: Adamu na Hawa, Kaini na Habili, Shetani. Bustani ya Edeni, ndivyo alivyoiita. Upande mmoja amesulubiwa mfanyakazi, na wanaomsulubu ni mwanasheria, daktari, mhubiri na mwenye benki. Mjomba aliitazama sanamu hiyo mikono nyuma, akawahesabu wauaji mmoja mmoja.

"Meneja wa shamba mbona hayumo?"

Shida ilianza kwenye kaburi. Dinsmoor alijijengea jumba la kuzikiwa hapo hapo uani, na jeneza lake lina kioo juu, ili wageni waliolipa kiingilio wamuone. Alifariki mwaka 1932 na mpaka leo anapokea wageni.

"Yumo?" Mjomba akauliza, akiwa amesimama hatua kumi kutoka mlangoni.

"Yumo, Mjomba."

"Inna lillahi. Hana ndugu huyu?"

Aligoma kuingia. Nilipotoka akanivuta pembeni, akataka taarifa kamili: amelala ubavu gani, ndevu zimebaki, na kwa nini nimelipa. Nikaona nimtulize kwa habari njema, kwamba mzee huyu alioa mara ya pili akiwa na miaka 81, bibi harusi ana miaka 20, na wakapata watoto wawili. Mjomba akanyamaza kidogo, akaugeukia ule ua wa sanamu kwa heshima mpya. "Hapa kwenu," akasema, "mfuko wa saruji ni shilingi ngapi?"

Lucas pia wana choo cha umma kilichojengwa kwa umbo la choo. Kilifunguliwa mwaka 2012: mlango uko kwenye kifuniko kilichoinuliwa, kuta zimenakshiwa kwa vigae na vikorokoro walivyochanga watu, na njia ya kuingilia imetengenezwa kama karatasi ya chooni iliyokunjuliwa. Mjomba, ambaye haja ilikuwa imembana tangu barabara kuu, alikizunguka akinilaumu kwa kumleta tena makumbusho. Alipoelewa aliingia, akatoka haraka. Kina kila kitu, akasema, isipokuwa kopo. Akarudi kwenye gari kuchukua la kwake, ambalo amesafiri nalo kutoka Muheza, akapita nalo mbele ya watalii waliokuwa wakipiga picha.

Kutoka Lucas simu ikatushauri njia ya mkato. Kansas njia ya mkato ni barabara ya changarawe iliyonyooka mpaka mwisho wa macho, ngano kulia, ngano kushoto, na ilikuwa imenyesha. Nyuma ya gari ikaamua kutangulia mbele. Tukaishia mtaroni taratibu kabisa, Mjomba akiwa bado ameshika mfuko wake wa karanga, hata moja haikumwagika. Mkulima mmoja alitokea na pikapu, akatuvuta bila maswali mengi, ila bampa la mbele likabaki linaning'inia. Akatupa kamba ya kufungia majani makavu, ya nailoni, rangi ya chungwa. Nikalifunga.

Hapo ndipo Mjomba aliponuna kweli. Kwa nusu saa hakusema neno, kisha akasema yote kwa mkupuo. Alianza kazi ya mkonge kijana mdogo, akaanika singa, akaingia korona, kwenye mashine ya kukamua majani, akamaliza akiwa mkaguzi wa madaraja ya singa. Miaka ya sitini mkonge wa nchi yetu ulipita tani 200,000 kwa mwaka, hakuna taifa duniani lililotufikia. Kisha wakulima wa huku wakaanza kufungia majani kwa kamba za plastiki, bei ikaanguka, magugu yakaingia mashambani. "Na wewe," akasema, "umemfungia mjomba wako bampa kwa nailoni."

Sikuwa nimemwambia tunakokwenda.

Cawker City ni mji wa mamia machache ya watu, na kando ya barabara kuu, chini ya paa lisilo na kuta, kuna bonge la kamba za katani lenye uzito wa zaidi ya kilo 9,000. Mkulima Frank Stoeber alilianza mwaka 1953 kwa vipande vya kamba vilivyozagaa ghalani, akawapa wenzake wa mji mwaka 1961, na kila Agosti watu hukusanyika kuliongeza. Limemzidi mtu kimo, tumbo limeshuka kwa uzito wake, na ukisogea karibu linanuka kama ghala la mkonge kule Ngomeni.

Mjomba hakupiga picha. Alitafuta ncha iliyolegea, akaisokotoa kwa vidole mpaka nyuzi zikaachana, akaupima mmoja kwa shubiri, akaunusa, akauvuta mpaka ukakatika. "Daraja la UG," akatangaza. "Singa fupi, brashi hawakupiga vizuri." Akasogea hatua mbili, akajaribu ncha nyingine. "Hii sasa 3L. Hii imetoka kwetu." Ushahidi hakuwa nao na sikuuomba.

Kulikuwa na familia ya Kimarekani imesimama pale. Mjomba akaniamuru nitafsiri: mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika Pangani 62 tu ikiwa hai, na mkonge wote wa Tanga ukazaliwa humo. Kwa hiyo bonge hili ni la shemeji zao. Baba wa familia alimshika mkono kwa nguvu, nadhani kwa kuwa alisikia neno Florida.

Wageni wanaruhusiwa kuongeza kamba. Tukapewa kipande kirefu. Mjomba akafunga nusu yake kwenye bonge kwa fundo la robota, na nusu ya pili akaenda nayo kwenye bampa. Nailoni ilikwenda kwenye pipa la taka.

Lebanon, kimji kingine cha Kansas, tulifika jua limezama. Ndipo katikati ya majimbo 48 yanayopakana, na mwaka 1918 wapimaji walipapata kwa kuweka ramani ya kadibodi juu ya ncha na kuisawazisha. Mnara wenyewe uko kama nusu maili kutoka mahali penyewe. Mjomba aliangalia nguzo, bendera na giza, akauliza chai inauzwa wapi.

Wakati wa kurudi ndipo nikafanya kosa la kumtajia Darwin, Minnesota, kwenye bonge jingine la kilo karibu 7,900, alilolisokota mtu mmoja, Francis Johnson, kwa miaka 29 tangu 1950. Mjomba alikaa wima.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Sasa hilo limekamilika. La leo ni la ujamaa, kila mtu anafunga kipande, halitaisha." Akaegemeza kichwa. "Ila nitataka kulikagua."

Kutoka Wichita hadi Darwin ni kama saa kumi. New York haitajwi tena nyumbani kwangu. Mke wangu amesema hili la Minnesota ni la mjomba na mpwa wake, yeye hamo, na bampa hataki lipelekwe gereji kwanza, maana Mjomba kila asubuhi huenda kulikagua fundo.