Muulize Shangazi: Gari Halikulewa

Msimu wa pamba umefunguliwa, hela zimeingia mitaani, na Usukumani hela zikiingia harusi hazikosi. Harusi zikizidi, barua za Shangazi nazo zinazidi, maana kila ndoa inayofungwa kati ya Magu na Lamadi inaacha gari moja limelala kituoni. Nimejibu nilizoweza. Zenye matusi nimewashia mkaa.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa hapa Nyashimo. Jumamosi nilikuwa Lamadi kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu, nikanywa bia mbili. Wakati wa kurudi trafiki wakanisimamisha, wakanipulizisha kile kidude chao, nikalala ndani. Jumapili nimetoka kwa dhamana ila Noah yangu bado iko kituoni. Nyumbani nimesema iko kwa fundi Magu. Tatizo ni kadi: ina jina la mtu wa Shinyanga, ambaye alimuuzia mtu wa Bunda, ambaye ndiye aliyeniuzia mimi. Mkataba sikumbuki niliuweka wapi. Shangazi, humfahamu mtu wa kuongea na mkubwa pale? – Mpenda Amani, Nyashimo*

Marahaba, Mpenda Amani. Tuanze na hizo bia mbili. Tangu nianze safu hii sijawahi kupokea barua ya mtu aliyekamatwa kwa bia tatu. Wote mbili. Viwanda vingetegemea hesabu zenu, Balimi ingeshasahaulika kanda hii ya ziwa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile ya mwaka 1973, imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Mwanaume mzima aliyeshiba pilau la harusi, akanywa bia mbili taratibu kuanzia maharusi wanaingia ukumbini mpaka keki inakatwa, kwa kawaida hafiki huko. Kwa hiyo ama kidude kimeharibika, ama kinajua kuhesabu kuliko wewe.

Umetoka kwa dhamana, vizuri. Natumaini hukuilipia, maana dhamana haiuzwi. Kangi Lugola, jirani yetu wa Mwibara, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kati ya 2018 na 2020 alizunguka nchi akirudia kwamba dhamana ni ya saa 24, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kinachotakiwa ni mdhamini, barua ya mtendaji, kitambulisho, na mtu wa kukupokea pale mlangoni bila kukucheka.

Sasa gari. Hapa ndipo wengi mnapochanganya mambo. Unaandika kana kwamba Noah nayo imeshtakiwa. Gari halikulewa, mwanangu. Limekaa pale kama kielelezo, shahidi ambaye hajaonja hata soda usiku ule, na pia kwa sababu mtu aliyelewa hawezi kukabidhiwa ufunguo akaambiwa usiku mwema. Ukishaamka na pumzi safi, polisi wakishamaliza shida yao nalo, swali linalobaki ni moja tu: hili gari ni la nani?

Na hapo ndipo ulipokwama. Kwenye makaratasi Noah yako bado inaishi Shinyanga. Umeipaka rangi, umeibandika jina la mwanao kioo cha nyuma, umeivusha mito yote ya Busega masika na kiangazi, ila TRA wanajua ni ya mtu mwingine kabisa. Ulitakiwa ubadilishe umiliki mara tu uliponunua. Ulisema "nitafanya mwezi ujao", kama Watanzania wote tunavyosema, na mwezi ujao umekuja ukiwa umevaa sare nyeupe. Kwa hiyo tafuta mkataba wako na wa yule wa Bunda, kadi yenyewe wala si kopi, bima iliyo hai, kitambulisho chako cha NIDA, na mtu mwenye leseni wa kuliendesha. Mpigie na wa Shinyanga umwambie asishangae akiulizwa. Mkataba utafute kwa bidii. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, karatasi ambayo baba hakumbuki iko wapi, mama anaikumbuka.

Kuhusu mtu wa kuongea na mkubwa: ninaye. Namba yake ni 113, ni bure kuipiga, wanapokea TAKUKURU. Ukimpa mkubwa hela ya chai utakuwa umegeuza kosa moja kuwa mawili, na la pili halitolewi harufu kwa kulala.

Halafu kuna jambo ambalo hamniulizi kamwe, nami nimelijua kwa kulipia. Pikipiki ya marehemu mume wangu ilikaa yadi moja miezi mitatu, yadi gani sitaji. Nilipokwenda kuichukua nilikuta kuku amelalia mayai juu ya injini, vioo vya pembeni havipo, betri haipo, na tangi kavu kabisa. Nilimuuliza askari wa zamu, naye akamtazama kuku. Ndipo nikajifunza. Gari likichukuliwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamata mali atoe hati, na hati hiyo isomeni kabla ya kusaini. Tairi ya akiba iandikwe. Jeki iandikwe. Redio, betri, mshale wa mafuta umesimama wapi, kilomita ngapi. Piga picha kwa simu, pande zote nne na ndani. Najua usiku ule ulikuwa huna hali ya kusoma. Basi nenda leo, omba kuliona, andika ulichokikuta. Kuku ukimkuta, usimsumbue.

La mwisho kwako, maana nahisi unadhani gari likitoka mambo yamekwisha. Hapana. Hili si kama kuzidisha mwendo, ukapewa namba ya malipo ukalipa kwa simu ukaendelea na safari. Ulevi barabarani unakwenda mahakamani, na mahakama inaweza kukutoza faini, kukufunga, na kuigusa leseni yako. Siku ya kutajwa kesi fika, tena mapema, tena kwa bodaboda. Na kama Noah ina mkwaruzo wa usiku ule, bima kubwa usiitegemee sana. Karatasi yake ina maneno madogo kuhusu dereva mlevi, na kawaida maneno hayo hayana huruma.

*Shangazi, mimi naendesha bodaboda Lamadi. Nilikunywa na washikaji, nikalala kabisa, saa kumi na mbili asubuhi nikaamka nikaenda kuwahi abiria wa mabasi ya kwanza. Nimekamatwa nikiwa nimeshalala! Na nilitafuna Big G tatu na kunywa maziwa nusu lita. Hii ni haki? – Niliyelala, Lamadi*

Mwangaluka, Ngosha. Ulilala wewe, pombe haikulala.

Kile kifaa hakinusi mdomo. Kinapima hewa inayotoka chini kabisa mapafuni, mahali damu inapopakana na pumzi, na pombe iliyo kwenye damu inavukia hapo. Big G inasafisha meno. Maziwa yanakwenda tumboni, hayajui njia ya kwenda mapafuni. Kahawa chungu, ndimu, yai bichi, supu ya kongoro ya alfajiri, maji ya baridi kichwani, vyote hivyo vinakupa mlevi aliyechangamka, basi. Kazi inafanywa na ini, nalo ini halina haraka: bia moja ya nusu lita inalichukua kama saa mbili mpaka tatu. Halipokei rushwa wala halina mkubwa wa kuongea naye.

Chukua kijiti uandike chini. Tuseme chupa sita, ulizoanza saa mbili usiku. Sita mara saa mbili ni kumi na mbili, sita mara tatu ni kumi na nane. Pombe yako inakwisha kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Wewe saa kumi na mbili umeshampakia mama na mtoto mgongoni, unakwenda kukata ile kona ya barabara ya Bariadi na malori ya Musoma yanashuka. Unauliza haki. Yule mama naye angekuwa na swali lake.

Na kumbuka kwamba kile kikomo cha miligramu 80 ni cha mtu anayeendesha gari lake. Dereva wa gari la biashara hatakiwi kuwa na kitu. Wewe unalipwa kwa kubeba watu, usitafute kujua mahakama itakuweka kundi gani. Ukinywa usiku, kesho yake piga deki nyumbani.

*Shangazi, Fuso yangu imekamatwa na dereva kalewa, imejaa mzigo wa dagaa wa kwenda Shinyanga. Je, dagaa nao ni kielelezo? – Mwenye Mzigo*

Dagaa hawakuendesha. Andika barua ya kuomba kuhamishia mzigo kwenye gari lingine, ambatanisha risiti za ununuzi, ipeleke mkononi na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri. Wakiwa wakavu watakusubiri siku mbili tatu. Wangekuwa sangara, kituo kizima kingekuwa upande wako kabla ya jioni.

*Shangazi, mume wangu anasema Noah yetu iko kwa fundi Magu tangu Jumamosi. Huyo fundi namfahamu, ni mteja wangu wa dagaa. Jumatatu kaja kununua debe mbili, kaniuliza Noah inaendeleaje. Mkataba wa mauziano ninao mimi kwenye sanduku la vitenge, wa kwetu na wa yule wa Bunda, maana nusu ya hela ya gari lile ilitoka kwenye kikoba changu. Leseni ninayo, daraja D. Niseme au ninyamaze? – Mama Sanduku, Nyashimo*

Mama, Shangazi hatoi siri za barua za watu. Kama nimepokea barua nyingine kutoka Nyashimo wiki hii, hiyo ni kati yangu na posta. Nitasema tu mambo ya jumla, yasiyomhusu mtu yeyote.

Kwa jumla, gari lisilokuwa kwa fundi huwa liko mahali pengine. Kwa jumla, mahali hapo hawana shida kulikabidhi kwa mtu mwenye mkataba mkononi, leseni halali na pumzi isiyo na habari. Kadi mara nyingi iko kwenye droo ya kabati, chini ya soksi. Nenda asubuhi kabla jua halijakolea, vaa kanga ya kazi, yadi zina vumbi. Hesabu tairi ya akiba kabla ya kusaini. Ukitoka hapo usirudi nyumbani moja kwa moja, pitia kwanza TRA uulize kuhusu kubadilisha jina. Jina gani liandikwe, sitakuchagulia. Nusu ya hela, umesema mwenyewe.

Kuhusu kusema au kunyamaza: usiseme kitu. Lipaki mlangoni, mkabidhi ufunguo aushike kidogo, muulize fundi kasema nini.

Nyongeza, wakati safu inakwenda mitamboni: Noah ilitoka Jumatano saa nane mchana. Tairi ya akiba ilikuwepo, jeki haikuwepo. Mama aliendesha. Baba alikaa kiti cha nyuma.